Hawakuvamia vifaru kwa mikuki: Maulani wa Pomerania na jioni ya Krojanty

Nimeisikia tena, na safari hii nimeisikia Tengeru, hatua chache kutoka makaburi ya Wapolandi wenyewe: eti mwaka 1939 wapanda farasi wa Poland walivamia vifaru vya Hitler na mikuki mkononi, kwa kuwa waliamini vifaru vile ni maboksi yaliyopakwa rangi. Aliyekuwa akisimulia ni kijana aliyesoma, na waliomsikiliza walicheka. Hadithi hiyohiyo nimeikuta darasani, nimeikuta vijiweni, na nimeikuta kwenye semina za uongozi ambako Wapolandi hutolewa mfano wa watu waliokataa mabadiliko hadi mabadiliko yakawakanyaga. Vikosi vya farasi vya Poland kati ya vita kuu mbili ndiyo kazi yangu, na imenichosha kulijibu jambo hili mdomo kwa mdomo. Leo naliandika lote.

Jibu fupi ni hili. Jioni ya tarehe 1 Septemba 1939, karibu na kijiji cha Krojanty jirani na mji wa Chojnice, sehemu ya Rejimenti ya 18 ya Maulani (yaani askari wapanda farasi) wa Pomerania, eneo la kaskazini mwa Poland, ilishambulia kwa farasi batalioni ya askari wa miguu wa Kijerumani. Narudia: askari wa miguu. Mikononi walikuwa na panga, mikuki haikuwapo. Wajerumani walitawanyika. Ndipo magari ya deraya yalipochomoza kutoka msituni na kuwamiminia maulani risasi za rashasha. Hakuna mtu aliyekimbilia kifaru siku ile.

Jibu refu linahitaji kwanza tuelewane kuhusu ulani wa 1939 ni askari wa aina gani, maana hapo ndipo watu wengi huanza kupotea. Kichwani wana picha ya husaria, wale wapanda farasi wenye mabawa mgongoni waliokuwa na Mfalme Jan III Sobieski kule Vienna mwaka 1683. Hao walishatoweka zaidi ya miaka 150 kabla ya Hitler. Tuwaache.

Ulani wa 1939 alipanda farasi ili afike vitani, na akifika alishuka akapigana kwa miguu. Ndivyo alivyofunzwa na ndivyo alivyopigana karibu kila siku ya vita ile. Tazama alivyopangiwa vitu vyake. Bunduki aliivaa mgongoni mwake mwenyewe. Upanga ulifungwa kwenye tandiko, upande wa kushoto wa farasi. Akishuka, upanga unabaki na farasi na bunduki inakwenda na mtu. Jeshi linaloamini kwamba upanga ndio silaha kuu halipangi hivyo. Mkuki nao ulishaondolewa kwenye silaha za kivita kwa agizo la mwaka 1934. Ulibaki kwa mazoezi na kwa gwaride, na picha nyingi mnazoziona mtandaoni zenye msitu wa mikuki na vibendera ni picha za gwaride. Tafadhali angalieni viatu na kola kwenye picha hizo. Hakuna anayetoka vitani akiwa safi namna ile.

Sasa silaha za kweli. Rejimenti moja ya maulani ilikuwa na skwadroni (vikosi vidogo) nne za kupigana, skwadroni ya bombomu (rashasha) nzito 12, na mizinga ya kupigia vifaru aina ya Bofors, milimita 37. Mzinga ule uliweza kutoboa kifaru chochote ambacho Ujerumani ilikuwa nacho Septemba 1939. Ulivutwa na farasi, ndiyo, na ukishafunguliwa kutoka kwenye farasi ni mzinga kama mzinga mwingine. Kulikuwa pia na bunduki ya kupigia vifaru ya modeli ya 1935, ndefu, nyepesi kiasi cha mtu mmoja kuibeba, iliyofichwa kwa siri kubwa ndani ya makasha yaliyofungwa hadi vita vilipokaribia. Chuma chembamba cha vifaru vidogo vya Kijerumani hakikuizuia. Ngazi ya brigedi kulikuwa na mizinga mikubwa ya milimita 75, kikosi cha askari wa baiskeli, mafundi wa madaraja, na vifaru vidogo vya watu wawili. Mtu mwenye vitu hivi jeshini mwake, na aliyefundishwa kuvitumia dhidi ya vifaru, anaambiwaje kwamba alidhani kifaru ni boksi?

Kwa nini basi farasi? Kwa sababu Poland ya mashariki ilikuwa nchi ya mabwawa, misitu na barabara za udongo, magari yalikuwa machache na mafuta ghali. Na kwa sababu ya mwaka 1920. Katika vita na Warusi wa Kisovieti, pale Komarów tarehe 31 Agosti 1920, wapanda farasi wa Poland walipambana na Jeshi la Kwanza la Farasi la Budyonny na kulishinda. Wiki mbili kabla, Rejimenti ya 203 ya Maulani ilikuwa imeingia Ciechanów na kuteka kituo cha redio cha makao ya jeshi la adui. Maofisa walioyaona hayo wakiwa vijana ndio waliokuwa makanali mwaka 1939. Walikosea kuamini kwamba vita vijavyo vingekuwa na nafasi pana kama ile? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na nitalirudia hapo chini.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni gumu kuliona kwa sababu hatuna kumbukumbu ya jeshi la farasi. Mbung'o alilimaliza kabla halijazaliwa. Walowezi wa Kenya waliunda kikosi cha wapanda farasi mwaka 1914 na kikapigana Longido mwezi Novemba mwaka huo. Mwaka 1916 Waafrika Kusini chini ya van Deventer waliteremka hadi Kondoa Irangi na kuacha mizoga ya farasi kwa mamia njiani. Baada ya hapo farasi hapa kwetu amebaki kuwa wa gwaride na wa watalii, kwa hiyo mtu akisikia "kikosi cha farasi" anawaza mchezo.

Turudi Krojanty, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu hapa ndipo kila mtu anapopapasa.

Rejimenti ya 18 ilizaliwa mwaka 1919 na kambi yake ilikuwa Grudziądz, mji uliokuwa pia na kituo kikuu cha mafunzo ya wapanda farasi wa nchi nzima. Iliongozwa na Kanali Kazimierz Mastalerz. Ilikuwa sehemu ya Brigedi ya Farasi ya Pomerania, na eneo lake lilikuwa ule ukanda mwembamba wa nchi uliotenganisha Ujerumani na Prusia ya Mashariki, ardhi ambayo kila ofisa alijua haiwezi kushikiliwa kwa muda mrefu. Siku ya kwanza ya vita, tangu alfajiri, maulani walipigana kwa miguu dhidi ya Divisheni ya 20 ya Wajerumani, divisheni ya askari wa miguu wanaosafiri kwa magari. Mchana askari wa miguu wa Poland wakaamriwa kurudi nyuma kuelekea mto Brda. Mtu anayerudi nyuma kwa miguu huku adui ana magari anahitaji mwenzake amnunulie saa chache. Mastalerz akapewa kazi hiyo: amguse adui ubavuni ili asimame.

Akachukua skwadroni mbili na nyongeza kidogo, takriban watu 250, wakazunguka. Karibu saa moja jioni wakawaona askari wa miguu wa Kijerumani kwenye uwanda wazi kando ya msitu. Hapa kuna uamuzi wa dakika. Ukishuka, ukapanga mstari, ukapeleka farasi nyuma, adui ameshakuona na ameshalala chini na bombomu zake. Ukienda shoti sasa hivi, umbali unaisha kabla hajajua kinachomjia. Kapteni Eugeniusz Świeściak, kiongozi wa skwadroni ya kwanza, aliongoza shambulio la panga.

Watu wasiowahi kusimama mbele ya farasi anayekuja shoti wanadhani upanga ndio uliowatisha Wajerumani. Upanga ni sehemu ndogo. Farasi wa jeshi ana uzito wa karibu nusu tani, ardhi inatetemeka chini ya kwato kabla hujamwona vizuri, na wanakuja kwa mstari, kwa hiyo hakuna pa kukwepea. Askari aliyelegeza mkanda jioni baada ya siku nzima ya vita hana sekunde za kufikiri. Batalioni ikavunjika, watu wakakimbilia mitini. Mpaka hapo lilikuwa shambulio la kitabuni.

Kisha magari ya deraya yakatokea. Uwanda ni wazi, farasi wameshachoka kwa kukimbia, mistari imeshachanganyika. Świeściak alipigwa. Mastalerz, alipoona skwadroni inachinjwa, alienda mbele na maofisa wake, naye akauawa. Waliobaki waligeuka na kujificha nyuma ya kilima kidogo. Waliokufa walikuwa ishirini na kitu, majeruhi takriban mara mbili ya hao. Kwa kikosi cha watu 250 hilo ni pigo kubwa, na halipaswi kupunguzwa ili hadithi ipendeze. Lakini Wajerumani walisimama. Askari wa miguu wa Poland waliipata nafasi yao ya kurudi nyuma. Jenerali Stanisław Grzmot-Skotnicki alivua nishani yake mwenyewe ya Virtuti Militari, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa vita kwao, akaitunukia rejimenti. Baadaye mwezi uleule naye alikufa kwa majeraha katika vita vya mto Bzura.

Mnaona? Ni habari ya kikosi kilichotumwa kuchelewesha adui, kikamchelewesha, kikalipa. Hata mwanajeshi asiyependa farasi anaielewa.

Vifaru viliingiaje basi? Kesho yake waandishi wa habari wa Kiitalia waliletwa kwenye uwanda. Waliona mizoga ya farasi, maiti za maulani, na vifaru vya Kijerumani vilivyokuwa vimefika baada ya yote kwisha. Wakaunganisha. Magazeti ya Ujerumani yakaidaka habari hiyo kwa mikono miwili kwa sababu iliwafaa: inamwonyesha Mpolandi kuwa mtu wa karne iliyopita, asiyestahili nchi. Cha kusikitisha ni kwamba baada ya vita Wapolandi wenyewe waliipenda kwa sababu yao, kwamba sisi ni watu wa ujasiri usiopimika, na filamu moja ya kwao ya mwaka 1959 ikaonyesha upanga ukipiga mtutu wa kifaru. Serikali ya kikomunisti nayo iliridhika kuona jeshi la zamani likionekana la mabwana wapumbavu. Hadithi iliyowafaa watu wa pande tatu haifi kirahisi.

Na kuna Jenerali Guderian. Huyu alizaliwa mkoa uleule wa Pomerania, na ndiye aliyeongoza kikosi kikuu cha Kijerumani kilichopita pale. Katika kumbukumbu zake alizochapisha baada ya vita aliandika kwamba brigedi ya Pomerania ilivamia vifaru vyake kwa panga na mikuki bila kujua kifaru ni kitu gani. Watu hunitajia sentensi hiyo kana kwamba ni hati ya mahakama. Nawaomba wasome kitabu hichohicho, kurasa zilezile. Guderian anaeleza kwamba usiku ule kamanda wa divisheni yake mojawapo alimwarifu kwamba analazimika kurudi nyuma kwa sababu ya wapanda farasi wa Poland, na Guderian kwa muda akakosa la kusema. Sasa chagueni. Watu waliopondwa wakirukia vyuma kwa ujinga hawawezi usiku uleule kumfanya jenerali wa divisheni ya magari aseme analazimika kurudi.

Hapa ningeweza kuishia, na wengi wanaosahihisha huishia hapa. Ila kuna kundi la pili linaloniudhi karibu sawa na la kwanza: wasahihishaji. Hawa wamesoma makala moja, wakagundua kwamba habari ya mikuki ni uongo, sasa wanatangaza kwamba mashambulio ya farasi hayakuwapo kabisa mwaka 1939, kwamba ulani alikuwa askari wa kisasa kamili ambaye kwa bahati mbaya alikuwa na farasi. Hapana. Mashambulio ya farasi yalikuwapo. Hayafiki 20 kwa mwezi mzima wa vita, lakini yalikuwapo, na baadhi yalifaulu. Tarehe 19 Septemba pale Wólka Węglowa, Rejimenti ya 14 ya Maulani wa Jazłowiec ilipasua mstari wa Wajerumani kwa shoti ili iingie Warsaw iliyozingirwa. Ilipoteza zaidi ya watu 100 waliokufa, na ikaingia. Tarehe 23 Septemba pale Krasnobród, Rejimenti ya 25 iliuvamia mji, ikagongana na wapanda farasi wa Kijerumani, ndiyo, wa Kijerumani, na kuuteka. Ukisema hayakuwapo unawafuta watu hao kwa kalamu ileile iliyowadhalilisha wa Krojanty.

Na usasa wao ulikuwa na kasoro ambazo mashabiki hawapendi kuzisema. Skwadroni ikishuka, lazima watu fulani wabaki na farasi. Amri ikitoka, mtu anaruka chini, anavuta hatamu juu ya kichwa cha farasi, anamkabidhi mshika farasi, na mshika farasi huyo anaondoka na farasi wake na wa wenzake kuwatafutia bonde au kichaka. Hesabu mwenyewe. Sehemu kubwa ya skwadroni imekwenda nyuma kushika hatamu kabla risasi ya kwanza haijalia. Rejimenti nzima ya maulani ikiwa chini haikuwa na bunduki nyingi kuliko batalioni moja ya askari wa miguu. Halafu farasi anahitaji maji, majani na usingizi, na ndege akipita juu, farasi mia tano kwenye kichaka hawafichiki. Adui aliyeivunja mbavu kavalri (jeshi la farasi) ya Poland alikuwa ndege na uchovu wa njia, siku baada ya siku, usiku wa kusafiri na mchana wa kupigana. Vidonda vya tandiko migongoni mwa farasi viliwamaliza kuliko vifaru. Hili huwezi kulichora kwenye bango, ndiyo maana halisimuliwi.

Mfano wa kavalri ikipambana kweli na vifaru ni Mokra, si mbali na Częstochowa, tarehe ileile 1 Septemba. Brigedi ya Farasi ya Wołyń chini ya Kanali Julian Filipowicz ilikutana na Divisheni ya 4 ya vifaru. Farasi walikuwa nyuma msituni. Maulani walikuwa kwenye mashimo na Bofors zao, na treni la deraya lililoitwa Śmiały likapita kwenye reli na kufyatua mizinga. Walishikilia siku nzima, wakaondoka usiku kwa amri. Hesabu za vifaru vilivyoharibiwa hutofautiana sana kati ya vitabu vya Kipolandi na vya Kijerumani, na sipendi kuona watu wakichagua ile kubwa kuliko zote na kuitaja kwa uhakika. Inatosha kwamba divisheni ya vifaru ilizuiwa siku nzima na watu waliokuja kwa farasi. Divisheni hiyohiyo ilikuwa mlangoni mwa Warsaw tarehe 8 Septemba, kwa hiyo msinipeleke mbali sana na ushindi wa Mokra pia.

Nilisema nitarudi kwenye suala la kukosea. Vitabu vingi vya kijeshi vya Poland huandika Krojanty kwa mstari ulionyooka: amri, shambulio, lengo limetimia. Mimi nikiitazama ramani nakwama kwa Mastalerz. Kamanda wa rejimenti kazi yake baada ya skwadroni kunaswa ni kuiokoa rejimenti iliyobaki, na vita ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza. Kuna kizazi kizima cha maofisa kilichofunzwa kwamba mkubwa hapeleki watu mahali asipokwenda mwenyewe. Naliheshimu hilo hadi machozi, na bado nadhani liliwagharimu maulani wa 18 kiongozi wao siku ya kwanza. Wenzangu hawakubaliani nami, na sijawahi kupata jibu linalonituliza.

Na hapa ndipo mila zinapoingia, maana maofisa wale hawakutokea hewani. Rejimenti ya farasi ilikuwa ukoo. Kila rejimenti ilikuwa na rangi zake, zikivaliwa kolani kwa umbo la kibendera chenye mikia miwili, kibendera kilekile kilichokuwa kikipepea kwenye mkuki wa gwaride. Mzee wa miaka 80 angekutambulisha rangi zake kabla ya jina lake. Vyeo vyao vilikuwa na majina tofauti na ya askari wa miguu, na ole wako umwite kapteni wa farasi kwa jina la kapteni wa miguu. Wapiga tarumbeta walipewa farasi weupe ili kamanda awaone kwenye vumbi. Kila rejimenti ilikuwa na sikukuu yake ya mwaka, kwa kawaida siku ya vita ilivyojivunia.

Tena walikuwa na mashairi ya mistari miwili ya kutaniana, kila rejimenti ikiwa na yake, ikisema kwamba wale ni walevi, wale ni wa mama zao, wale wanapenda wake za watu. Msomaji wa kwetu anaelewa bila kuelezwa: ni utani wa Wachaga na Wapare uliovaa miiba ya chuma ya kumhimiza farasi kwenye viatu. Utani ule ulifanya kazi. Mtu aliyetukanwa kwa wimbo mezani hakutaka kuonekana amekimbia mbele ya waliomtukana.

Mila nyingine inayostahili kujulikana zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili: skwadroni ya kwanza ya Rejimenti ya 13 ya Maulani wa Wilno ilikuwa ya Watatari, Waislamu ambao mababu zao walikuwa wamelitumikia jeshi la Poland kwa karne kadhaa. Mwaka 1679 Mfalme Sobieski aliwapa baadhi yao ardhi, na katika vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki misikiti yao ya mbao ipo hadi leo. Waislamu wa rejimenti walikula kiapo mbele ya imamu wao, na skwadroni ilibeba alama yao ya mkia wa farasi. Mwaka 1939 iliongozwa na Kapteni Aleksander Jeljaszewicz, Mtatari mwenyewe. Anayewachora maulani kama mabwana wa Kikatoliki wenye mashamba tu hajui alichokuwa nacho mbele yake.

Sasa Tengeru, kwa kuwa ndipo nilipokasirikia. Baada ya vita vya 1920 serikali ya Poland iliwagawia askari wake wa zamani mashamba mashariki mwa nchi. Maulani wa Rejimenti ya 1, wa Krechowce, walikuwa na makazi yao karibu na Równe, ambako leo ni Ukraine, na makazi yakaitwa kwa jina la rejimenti. Wasovieti walipoichukua sehemu ile mwezi Septemba 1939, familia za walowezi hao zilikuwa za kwanza kufuatwa. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940, kwenye baridi kali, walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa kaskazini na Siberia. Walionusurika walitoka mwaka 1942 pamoja na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders kupitia Iran. Wanaume wenye nguvu walibaki jeshini. Wake, wazee na watoto walivushwa bahari hadi bandari zetu, wakatawanywa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro, na Uganda kule Masindi na Koja. Tengeru peke yake ilikuwa na watu kama 5,000. Kwa hiyo unapopita kati ya makaburi yale unapita kati ya watu wa familia za askari, baadhi yao wapanda farasi wa 1920. Kuwatania hapo kwa mikuki na maboksi ni kukosa adabu msibani.

Na wanaume waliobaki jeshini walifanya nini? Rejimenti ya Krechowce ilifufuliwa chini ya Anders kwa jina lake na rangi zake zilezile kolani, ikapewa vifaru vya Sherman, ikapigana Italia kuanzia 1944. Wale "waliokataa mabadiliko" waliendesha vifaru bila kuvua kibendera. Rejimenti ya 12 ya Maulani wa Podolia, ambayo ilikuwa kwenye mashimo ya Mokra siku ya kwanza ya vita, ndiyo iliyotuma doria juu ya magofu ya Monte Cassino, monasteri ya kilimani huko Italia, asubuhi ya tarehe 18 Mei 1944, na kibendera cha kwanza kupandishwa pale kilikuwa cha rejimenti hiyo, kilichoshonwa haraka kwa vitambaa vilivyopatikana. Hakuna mkuki hapo pia, iwapo bado kuna anayeutafuta.

Jambo la mwisho ni kwa watu wa semina za uongozi. Mnaposema Ujerumani ilikuwa ya mashine na Poland ya farasi, mjue kwamba divisheni moja ya kawaida ya askari wa miguu wa Kijerumani mwaka 1939 iliingia Poland na farasi wapatao 5,000 wakivuta mizinga na mikokoteni, na kwamba katika vita vyote Ujerumani ilitumia farasi zaidi ya milioni mbili na nusu. Iliivunja divisheni yake ya mwisho ya wapanda farasi mwishoni mwa 1941 ikaigeuza ya vifaru, na kufikia 1943 ilikuwa inaunda tena vikosi vya farasi kwa ajili ya mabwawa ya mashariki, mabwawa yaleyale ambayo Wapolandi walikuwa wameyasemea. Na shambulio la mwisho la farasi la Wapolandi halikuwa mwaka 1939. Lilikuwa tarehe 1 Machi 1945, kijiji cha Schoenfeld ndani ya Pomerania, brigedi ya farasi ya jeshi lililopigana upande wa Wasovieti. Vifaru na askari wa miguu walikuwa wamekwama mbele ya mizinga ya Kijerumani, wapanda farasi wakapita kwenye moshi, wakaingia kijijini, na kijiji kikatekwa.